Rema: kijana wa Benin City aliyekataa kuirudia "Calm Down"

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila Rema, yule mwanamuziki wa Nigeria, anapotajwa humu ndani, mjadala hauvuki mambo mawili: "Calm Down" aliyoimba na Selena Gomez, na kile kinyago alichovaa London ambacho wengi walikihukumu usiku uleule kuwa ni ushetani. Mimi nasema hayo mawili yanakwenda pamoja, na katikati yake kuna uamuzi ambao wasanii wachache wa umri wake wangethubutu kuufanya. Kijana alipata wimbo uliofika mbali kuliko ndoto ya msanii yeyote wa Lagos. Njia rahisi ilikuwa kutoa mwingine wa aina ileile, na mwingine tena. Yeye akageuka, akaenda zake kwao. Nataka tumjadili kwa njia hiyo.

Kwao ni Benin City. Nianzie hapo maana watu wanachanganya sana. Benin City si ile nchi ya Benin yenye Cotonou. Ni makao makuu ya jimbo la Edo, kusini mwa Nigeria, mji wa ufalme wa kale ambao mpaka leo una mfalme wake, Oba Ewuare wa Pili. Wenyeji ni Waedo. Si Wayoruba, si Waigbo, wana lugha yao na historia yao. Kimuziki mji huu ulishawahi kuwa mkubwa: Victor Uwaifo aliyeimba "Joromi" miaka ya 1960 ni mtu wa pale, na Sonny Okosun, ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa "Fire in Soweto" ya 1977, alizaliwa palepale. Baadaye Lagos ikameza kila kitu. Ukitaka kusikika, panda gari uende Lagos.

Divine Ikubor, ndilo jina halisi la Rema, alizaliwa Benin City tarehe 1 Mei 2000. Baba yake alikuwa mwanasiasa wa chama cha PDP, akafariki mwaka 2008, mtoto akiwa na miaka minane. Mwaka 2021 Rema alijitokeza hadharani kwenye mtandao kukiuliza chama hicho maswali kuhusu kifo cha baba yake, na ukisoma maneno yale unaona kidonda hakijapona. Baadaye akafiwa na kaka yake. Amesimulia mwenyewe kwamba baada ya misiba hiyo alivuka kwenda Ghana akiwa bado kijana mdogo, akafanya kazi za kuchosha ili mama na dada yake wapate kula. Ukisikia mtu anasema huyu dogo alibebwa tu na Don Jazzy, mwanzilishi wa lebo ya Mavin, mkumbushe Ghana.

Muziki aliuanzia kanisani. Alikuwa anarap kwenye ibada za vijana, yeye na rafiki yake Alpha P walikuwa kundi moja. Mwaka 2018 akajirekodi kwa simu akichana juu ya biti ya wimbo wa D'Prince, "Gucci Gang", akaitupia Instagram. D'Prince ni mdogo wake Don Jazzy. Akaiona, akamtafuta, akamsafirisha Lagos na kumsaini kwenye lebo yake ya Jonzing World, iliyo chini ya mwavuli wa Mavin. Machi 2019 EP ikatoka yenye nyimbo nne tu. Mojawapo "Dumebi". Nyingine "Iron Man", ambayo Obama aliiweka kwenye orodha yake ya nyimbo za kiangazi mwaka huohuo. Kabla mwaka haujaisha akawa na tuzo ya Headies ya msanii anayechipukia. Miaka kumi na tisa.

Nitaendelea. Karibuni.

Mdau wa Mbagala

Nafasi mapema. Mkuu endelea, ila nina swali. "Dumebi" ilipotoka nilikuwa najiuliza huyu mtu anaimba lugha gani. Kuna mahali anavuta sauti kama Mhindi, mahali pengine kama adhana. Hiyo kaipata wapi?

Mleta uzi

Mkuu wa Mbagala, umegusa kitu ambacho ndicho kilimtofautisha siku ya kwanza. Wanigeria waliomtangulia waliimba kwa sauti nzito ya katikati, wakitembea na ngoma. Rema alikuja na sauti nyembamba ya puani inayopanda na kuteleza kati ya noti. Kwa masikio ya mtu wa Pwani ni jambo la kawaida, sisi tumelelewa na taarabu na filamu za Kihindi. Kwa Lagos ya 2019 ilikuwa ngeni kabisa. Wengine walimcheka, wakasema anaimba kama anatafuna. Mwaka 2021 akaupa mtindo wake jina, Afrorave, na mashabiki wake wakawa Ravers.

Kati ya 2019 na 2021 alitoa EP nyingine na nyimbo moja moja: "Beamer", "Ginger Me", "Woman", "Bounce", "Soundgasm". Hapo alikuwa anajaribu milango, trap leo, kesho mahaba. Si zote nzuri, "Bounce" mimi hainishiki. Lakini angalieni kitu kimoja: miaka mitatu kamili walimwacha akue kabla ya albamu. Mavin wana utaratibu wa kumkuza msanii taratibu, na Ayra Starr naye alipita mikono hiyohiyo, akatambulishwa Januari 2021 akiwa na miaka 18. Huwa nawaza vijana wetu wangapi hapa Dar wamepotea kwa sababu walipata wimbo mmoja mkali halafu wakaachwa wajitafutie wenyewe mtu wa mavazi, wa mahojiano, wa mikataba.

Mdau wa Nairobi

Hapo kwa Mavin usisahau pesa. Mwaka 2019 Kupanda Holdings, kampuni ya uwekezaji, waliweka mtaji pale, ndiyo maana wangeweza kungoja msanii miaka mitatu. Na Februari 2024 Universal, kampuni kubwa ya muziki duniani, wakatangaza kununua hisa nyingi za Mavin. Bila mtaji hakuna subira. Lebo zetu huku zinataka pesa yao irudi kwa wimbo wa pili.

Mleta uzi

Kweli kabisa, na nakazia. Mtaji ulinunua muda. Lakini ujue pia mtaji ukishaingia unataka faida, na ndiyo maana uamuzi wake wa baadaye naupa uzito. Twende kwenye wimbo wenyewe.

"Calm Down" ilitoka Februari 2022, mwezi mmoja kabla ya albamu ya kwanza, *Rave & Roses*, iliyotoka tarehe 25 Machi. Maprodyuza ni Andre Vibez na London. Biti imetulia, haina makeke, na kisa chake ni kijana aliyemwona msichana aliyevaa njano kwenye sherehe. Ndiyo hivyo tu. Ulikuwa tayari unapanda wenyewe, Ulaya na Asia, kabla Selena Gomez hajaingia. Watu wengi hawajui hilo, wanadhani Selena ndiye aliyeubeba. Remiksi ilikuja Agosti 2022, na hapo ndipo Marekani ilipofunguka.

Mwendo wake baada ya hapo uko hivi. Juni 2023 ukafika nafasi ya 3 kwenye Billboard Hot 100, wakati "Essence" ya Wizkid na Tems, iliyotushangaza 2021, iliishia nafasi ya 9. Ulikaa kwenye chati hiyo zaidi ya mwaka mzima. Septemba 2023 ukawa wimbo wa kwanza ulioongozwa na msanii wa Afrika kusikilizwa mara bilioni moja Spotify, na mwezi huohuo ukachukua tuzo ya MTV VMA ya Afrobeats, mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Mei 2023 alikuwa India anafanya ziara. Oktoba alikuwa Paris akiimba kwenye sherehe ya Ballon d'Or mbele ya Messi.

Na wimbo una Kipijini ndani, kile Kiingereza cha mitaani cha Nigeria. Hilo kwangu ndilo kubwa. Watoto wa Mumbai na Madrid walikuwa wanaimba Kipijini cha Nigeria bila kujua, na hakuna aliyemtaka akisafishe.

Mdau wa Mombasa

Kaka uzi umetulia. Lakini mie nitasema ukweli wangu. Nilimpenda Rema wa "Calm Down". Harusi za huku zilikuwa hazifungwi bila ule wimbo, mama zetu waliucheza. Kisha nikaona ile video ya onyesho lake la O2 kule London, mtu amevaa kinyago, macho mekundu, popo kila mahali. Nikazima. Watoto wangu hawamsikilizi tena. Kama si mambo ya giza, yale ni nini?

Mleta uzi

Dada wa Mombasa, asante kwa kusema wazi, maana hilo ndilo hasa lililonifanya niandike. Nitakujibu kwa urefu, na naomba unisome mpaka mwisho.

Tarehe 14 Novemba 2023 Rema alifanya onyesho lake mwenyewe O2 Arena, London, ukumbi wa watu kama elfu ishirini. Akaingia jukwaani akiwa juu ya umbo la farasi, usoni amevaa nakala ya kinyago. Kinyago kile kina jina na kina mwenyewe. Ni sura ya Malkia Idia, mama yake Oba Esigie, aliyetawala Benin mwanzoni mwa karne ya 16. Idia alikuwa mshauri wa mwanawe na anasimuliwa mpaka leo kuwa mwanamke aliyekwenda vitani kumlinda. Mwanawe akamheshimu kwa kuchongesha sura yake kwenye pembe ya ndovu, na Oba akawa anaivaa kwenye ibada za kumkumbuka mama.

Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuvamia mji wa Benin, likauchoma, likamkamata Oba Ovonramwen na kumpeleka uhamishoni Calabar, ambako alifia mwaka 1914. Kasri likakombwa: shaba, pembe, maelfu ya vitu. Kinyago cha Idia kilikuwa miongoni mwake. Kimoja leo kiko British Museum, London, na kingine New York. Mwaka 1977 Nigeria ilipoandaa FESTAC, tamasha la sanaa la watu weusi wote duniani, ilikichagua kinyago hicho kuwa nembo na ikawaomba Waingereza wakitoe. Hawakukitoa. Wachongaji wa Benin wakatengeneza nakala.

Sasa tafakari. Kijana wa miaka 23, Mwedo, anapata usiku wake mkubwa kuliko wote, na usiku huo uko London. Kinyago halisi cha bibi wa mji wake kimefungiwa kwenye kabati la kioo ndani ya jiji hilohilo. Angeweza kuvaa suti ya Gucci. Akaingia na uso wa Idia. Mimi nilipoelewa nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Na popo? Katikati ya Benin City, maeneo ya karibu na kasri la Oba, popo ni wengi, jioni wanaruka angani kwa makundi. Mtoto aliyekulia pale popo kwake ni alama ya nyumbani. Mwenyewe alijitokeza kueleza baada ya kelele kuzidi, kwamba yale yote ni utamaduni wa kwao. Ila maelezo hayajawahi kukimbia kasi ya video ya sekunde thelathini.

Kuhusu giza: huyu ni mtoto wa kanisani, na hajalikana kanisa. Agosti 2024 aliporudi Benin City kwa onyesho la nyumbani, alikwenda kwenye kanisa alilokulia na kutoa naira milioni 105. Sikwambii hivyo ili uone ni mtakatifu. Nakwambia ili uone kwamba kwake Idia na kanisa vinakaa nyumba moja, kama vile kwetu mtu anaswali swala tano na bado anacheza ngoma ya babu zake.

Mdau wa London

Naishi huku mwaka wa nane sasa. Alichosema mleta uzi ni kweli, kinyago kipo, kwenye vyumba vya Afrika vya chini kabisa ya jengo. Kuingia ni bure. Kuna ukuta mzima wa mabamba ya shaba ya Benin. Jumba lile lina vitu zaidi ya 900 vya Benin, na huwa wanajitetea na sheria yao ya 1963 inayowakataza kutoa mali ya jumba. Wajerumani wao walianza kurudisha mwishoni mwa 2022, walipeleka vitu ishirini Abuja.

Baada ya ile O2 nilikwenda tena. Niliwakuta vijana wa Kinigeria wamesimama mbele ya kioo wanapiga picha. Sijui kama walikuja kwa sababu ya Rema. Mimi nilikwenda kwa sababu yake.

Mdau wa Iringa

Sisi watu wa huku tunaelewa hizi habari haraka. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi 1954, na mpaka leo ukilitaja kwa wazee wa Kalenga wanakaa vizuri kwenye kiti. Sasa kijana akilivaa jambo kama hilo mbele ya watu elfu ishirini, mimi namwona ni mjukuu mwema.

Mdau wa Mombasa

Nimesoma yote. Hilo la Malkia Idia sikulijua, wala nilipotazama hakuna aliyelieleza. Bado macho mekundu siyapendi. Lakini nimekuelewa kaka.

Mdau wa Mbagala

Tuseme O2 imeeleweka. Mimi ugomvi wangu ni *HEIS*. Ile albamu ni fujo. Nimeisikiliza, kichwa kikauma. Yaani umetoka kwenye wimbo wa bilioni, unakuja kupiga kelele? Pale alijiharibia.

Mleta uzi

Nilijua hili litakuja. Mkuu, ukweli ni kwamba *HEIS* haikuandikwa kwa ajili ya harusi.

Nianze na kilichotokea kabla yake. Oktoba 2023 alitoa EP fupi, *Ravage*, nyimbo tano, na mtu mwenye sikio alishaona rangi inabadilika. Ikafuata O2, ikafuata lawama. Desemba 2023, mwezi ambao msanii wa Nigeria anavuna pesa kuliko mwezi wowote kwa sababu watu wote wa ughaibuni wanarudi Lagos, akatangaza kwamba hatapanda jukwaani, kwamba aliipuuza afya yake kwenye ziara za "Calm Down" na anahitaji kupumzika. Akaacha Desemba nzima.

Mei 2024 akarudi na "Benin Boys" akiwa na Shallipopi. Shallipopi naye ni kijana wa Benin City, anarap kwa Kipijini kilichochanganywa na Kiedo, na ndiye aliyefanya lahaja ya mitaa ya kwao isikike Nigeria nzima kuanzia 2023. Rema alikuwa na namba za simu za watu wakubwa wa Marekani. Kolabo yake ya kwanza kubwa baada ya mapumziko akampa kijana wa mtaani kwao, na wimbo wenyewe ni wa kumtukuza Oba na kuusifu mji.

*HEIS* ikaja Julai 2024. Nyimbo kumi na moja, hazifiki hata nusu saa. Wageni ni wawili tu, Shallipopi na Odumodublvck, wote Wanigeria. Hakuna Mmarekani hata mmoja. Mwaka 2022 kwenye *Rave & Roses* alikuwa na Chris Brown na 6lack. Linganisha mwenyewe.

Sauti yake sasa. Biti zinakimbia, ngoma zimepandishwa juu ya kila kitu, sauti yake ile nyembamba ameishusha, anafoka, anacheka, anatishia. "March Am" inaanza kama msafara. "Ozeba" ina kasi inayonikumbusha zile biti za mitaani Lagos wanazoziita mara, zinazotengenezwa kwa kompyuta za bei rahisi na kuchezwa barabarani. Na hapa, mkuu wa Mbagala, nakushangaa wewe zaidi ya wengine. Wewe ni mtu wa uswahilini, singeli umeisikia usiku kucha ukiwa umelala. Ungekuwa wa kwanza kuielewa "Ozeba". Ni jamaa wa singeli yule, hata kama hawajuani. Kasi ileile, umasikini wa vyombo uleule uliogeuzwa kuwa nguvu, kijana yuleyule anayetaka kusikika juu ya kelele za mji.

Alieleza kwenye mahojiano kwamba alitaka kuirudisha nguvu ya muziki wa nyumbani. Miaka ile muziki wa Nigeria ulikuwa umeanza kupoa, kila mtu anatafuta wimbo laini wa kupenya redio za London, na kila biti imechukua zile ngoma nzito za besi za amapiano. Aliyefaidika na ulaini huo kuliko wote alikuwa Rema mwenyewe. Ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza. Ndiye aliyeuvunja.

Kwenye "Hehehe" akadai waziwazi kwamba ule utatu wa Wizkid, Davido na Burna Boy umekwisha, sasa wako wanne. Watu walimrushia mawe kwa hilo. Mimi nasema alikuwa na haki ya kusema.

Na matokeo? "Calm Down" yenye bilioni zake haikumpatia uteuzi wa Grammy. *HEIS* ndiyo iliyompatia uteuzi wake wa kwanza, Novemba 2024, kipengele cha albamu bora ya muziki wa dunia. Hakushinda. Lakini ile albamu unayoiita fujo ndiyo iliyomfikisha pale.

Mdau wa Nairobi

Naomba nipinge kidogo. Julai hiyohiyo ya 2024 Rema alikuwa Mumbai anaimba "Calm Down" kwenye harusi ya mtoto wa Ambani, tajiri wa India. Kwa hiyo tusimfanye kama mtu aliyeupa kisogo ule wimbo. "Calm Down" ndiyo iliyolipia *HEIS*. Msanii asiye na wimbo wa bilioni akitoa albamu kama ile, lebo inamwita ofisini. Ujasiri wake ulikuwa na bima.

Mleta uzi

Hoja nzito, na naipokea nusu. Ni kweli pesa ya "Calm Down" ilimpa nafasi, na hakuna ubaya wowote kuimba Mumbai, ni kazi yake. Lakini nusu nyingine siipokei: wangapi wana bima hiyo na hawaitumii? Mwenye pesa anaogopa zaidi ya asiye nayo, kwa sababu ana cha kupoteza. Nawajua wasanii wetu wenye majumba na magari ambao miaka kumi sasa kila wimbo wao unasubiri kuona Lagos au Johannesburg wametoa nini. Mwanzoni mwa 2014 "Number One" ya Diamond na Davido ilitufungulia mlango, na ulikuwa mlango mzuri. Ila tangu hapo wengi wetu tumebaki mlangoni kwa wenyeji. Singeli ilivuka mipaka kwa mikono ya vijana wa Mburahati kwenye studio ya Sisso na watu wa Nyege Nyege, tamasha na lebo ya Kampala. Mastaa wetu walikuwa wanaangalia kwingine.

Mdau wa Mbagala

Mkuu umenipiga penyewe. Nimerudia "Ozeba" kwa spika ya nje. Kwenye simu ilikuwa fujo, kwenye spika kuna kitu. Bado "Calm Down" ni bora.

Mdau wa Iringa

Sasa hivi yuko wapi kimuziki? Maana 2025 nilisikia katoa wimbo wa taratibu tena.

Mleta uzi

Ndiyo, Februari 2025 alitoa "Baby (Is It a Crime)". Humo amechukua kipande cha "Is It a Crime" ya Sade ya mwaka 1985. Sade Adu mnamjua, lakini wengi hawakumbuki kwamba alizaliwa Ibadan, baba yake Mnigeria. Kwa hiyo hata alipotaka kurudi kwenye ulaini, alirudi kupitia mlango wa nyumbani. Sauti yake mle ndani ni tofauti na ya 2022. Ina mikwaruzo ya *HEIS*, haimbembelezi mtu sana. Naupenda kuliko "Calm Down", mtanisamehe.

Baada yake akatoa "Bout U" na "Kelebu". "Kelebu" ni ya kuchezwa, ina kasi, na imegawa mashabiki vibaya sana, wapo wanaoiona kelele tupu. Mimi niko katikati. Naona bado anatafuta namna ya kuweka ile hasira ya *HEIS* mahali pa furaha, na hajafika. Ana miaka ishirini na kitu, muda anao.

Kwa anayetaka kumsikiliza upya, asianze na "Calm Down", ameshaisikia ya kutosha. Aanze na "Iron Man", asikie mtoto wa miaka 18, 19 anavyocheza na sauti. Aende "Ginger Me". Kisha aruke mpaka "Trouble Maker" kwenye *Ravage*, halafu "Benin Boys", halafu *HEIS* yote bila kuruka, kwa spika kubwa kama alivyofanya mkuu wa Mbagala. Amalizie na ile ya Sade.

Mdau wa Mombasa

Kaka, hiyo "Benin Boys" ina matusi? Nataka niwawekee watoto niwaeleze habari ya Idia.

Mleta uzi

Dada, ni maneno ya vijana wa mtaani, yana majigambo na mambo ya pesa, kwa watoto wadogo ningesubiri. Watafutie picha ya kinyago chenyewe kwanza, kipo wazi mtandaoni, kikubwa tu uandike Idia na Benin. Waonyeshe zile sura ndogo zilizopangwa juu ya kichwa chake, ni nyuso za Wareno wenye ndevu na samaki wa kambare wanaopishana. Wareno walifika Benin karne ya 15 kununua pilipili na pembe, kabla hawajafika kwenu Mombasa. Halafu muwekee mkubwa "Iron Man". Hiyo ni salama.